Kikongwe, Ziwa na Turubai: Kisasili cha Simbi Nyaima na Uchoraji wa Kisasa wa Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokutana na kisasili huzoea kuuliza maswali mawili: kisa hiki kinasimulia nini, na kinaifundisha nini jamii inayokisimulia. Swali la tatu huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: kama kisa hicho kingechorwa, kingechorwa vipi? Swali hili si la mzaha. Msimulizi ana wakati mikononi mwake. Husema jua likatua, mvua ikanyesha, kukapambazuka na kijiji hakipo, na hadhira ikamfuata hatua kwa hatua. Mchoraji hana kiambishi -ka-. Ana uso mmoja wa turubai ambao mtazamaji huuona wote kwa mara moja, mwanzo na mwisho vikiwa pamoja.

Makala hii inalishughulikia swali hilo kwa kuanzia na kisasili kimoja cha Waluo, kile cha ziwa Simbi Nyaima lililoko karibu na mji wa Kendu Bay, kisha kuwaangalia wachoraji kadhaa wa Afrika Mashariki ambao wamefanya kazi na maumbile, visasili na ishara. Hoja inayotetewa ni kwamba mchoraji hafaulu kwa kukihamisha kisa kizima hadi kwenye picha. Hufaulu anapoichukua ishara iliyomo ndani ya kisa na kuipa kazi mpya. Katika visasili vya majini, ishara hiyo mara nyingi ni mwanamke ambaye jamii haikumtambua alipobisha hodi.

Kisa na mahali pake

Kendu Bay ni mji mkongwe wa ufuoni katika eneo la Karachuonyo, Kaunti ya Homa Bay, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Kilomita chache kutoka mjini kuna ziwa dogo la mviringo lenye eneo la takriban hekta 29 na kina cha takriban mita 23. Maji yake ni ya chumvi na magadi, na rangi yake ni kijani kizito kama mchuzi wa mlenda. Samaki hawaishi humo, ingawa Ziwa Victoria lenye samaki tele liko karibu mno. Heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, hufika kwa makundi kula vijimea vidogo vinavyoyapa maji hayo rangi yake. Mwaka 2000 serikali ililitangaza ziwa hilo kuwa hifadhi ya taifa.

Jina Simbi Nyaima kwa Dholuo lina maana ya Simbi iliyozama. Inasimuliwa kwamba palipo na maji leo palikuwa na kijiji kilichoitwa Simbi. Usiku mmoja wanakijiji walikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akatokea kikongwe, mchovu na mchafu wa safari, akiomba mahali pa kujisitiri. Akafukuzwa kutoka mlango hadi mlango. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, akampa moto, chakula na malazi. Kikongwe akamwambia aondoke na jamaa yake usiku uleule. Katika baadhi ya masimulizi, mwanamke huyo alimwendea mumewe kwenye karamu akamsihi waondoke, naye mume akakataa kuiacha pombe. Mvua kubwa ikashuka, ardhi ikafunguka, na kijiji pamoja na waliokuwamo kikazama.

Wanajiolojia huliita ziwa hilo kasoko: shimo lililotokana na mlipuko wa volkeno, ambalo baadaye lilijaa maji. Inafaa kutambua kwamba maelezo haya mawili hayapingani kama inavyodhaniwa. Yote mawili yanakiri kwamba jambo lilitokea ghafla, kutoka chini, na kwamba shimo lile halikuchimbwa na mto wala mkono wa mtu. Tofauti ni kwamba jiolojia inataja chanzo nacho kisasili kinataja sababu.

Baadhi ya walimu hukiweka kisa hiki katika kundi la ngano za usuli kwa vile kinaeleza asili ya kitu. Uainishaji huo una msingi, lakini hautoshi. Ngano ya usuli ya kwa nini kobe ana magamba yaliyopasuka husimuliwa huku msimulizi na hadhira wakijua kwamba ni burudani. Simbi Nyaima husimuliwa kama jambo lililotukia, mahali panapoonyeshwa kwa kidole. Ndiyo sababu makala hii inakiita kisasili.

Nyakati tatu za kuchorwa

Mchoraji akikaa mbele ya kisa hiki ana nyakati tatu za kuchagua. Wa kwanza ni kikongwe mlangoni: mwanga wa moto ndani, giza nje, na uso wa mwenye nyumba. Wakati huu una maigizo mengi na ndio unaowavutia wachoraji wa vitabu vya watoto. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji asiyejua kisa ataona bibi ombaomba tu. Wa pili ni mafuriko yenyewe: mvua, mapaa ya nyasi yakielea, mikono juu. Huu ni wakati wa kishindo, na kishindo humaliza maana haraka.

Wakati wa tatu ni ziwa lilivyo sasa. Hakuna mtu. Kuna mduara wa kijani, kingo zenye magadi, na ndege waliosimama kwa mguu mmoja. Inaonekana kama mandhari ya kawaida, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mchoraji anayechagua wakati huu hana budi kuyafanya maji yaonekane kama kitu kinachoficha. Akifaulu, maumbile hayabaki kuwa pambo la nyuma ya kisa. Yanakuwa ushahidi. Waluo wanaoishi karibu na ziwa hawahitaji picha ya kikongwe ili wamkumbuke, kwa sababu wana ziwa.

Majirani wa kisa

Simbi Nyaima haiko peke yake. Upande wa Gwassi, kwenye ufuo huohuo wa Homa Bay, kunasimuliwa habari za Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini ambaye wavu wake ulimtoa ziwani kikongwe badala ya samaki. Akamchukua akamwoa, na kuanzia siku hiyo boma lake likajaa ng'ombe. Utajiri ulipomlevya akamtukana mkewe huyo, akimkumbusha alikotoka. Mwanamke akainuka akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Nyamgondho akabaki ufuoni ameegemea fimbo yake hadi akageuka mti, na mahali hapo huonyeshwa hadi leo huko Nyandiwa.

Visa hivi viwili ni kama pande mbili za kitambaa kimoja. Simbi ilimkataa mgeni mlangoni. Nyamgondho alimpokea, kisha akamkana baadaye. Katika vyote viwili mgeni ni mwanamke mzee asiye na mvuto, na maji ndiyo yanayotoa hukumu. Mipaka ya Nyakach, jirani wa Karachuonyo, ina mgeni wa aina nyingine: chatu aitwaye Omieri, ambaye wakazi humhusisha na mvua na mavuno mema. Chatu huyo alipoungua katika moto wa nyika mwaka 1987, na mwingine alipoonekana mwaka 2003, habari zake zilijaa magazetini nchi nzima. Wakazi walimchukulia kama mgeni wa heshima. Inaelekea kwamba wale wanaojua kilichowapata watu wa Simbi hawafanyi haraka ya kumfukuza anayefika bila kualikwa.

Wachoraji waliotangulia

Ni kosa kudhani kwamba uchoraji wa ishara uliingia eneo hili pamoja na turubai na rangi za dukani. Katika Kisiwa cha Mfangano, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Homa Bay, kuna michoro ya miambani huko Mawanga na Kwitone. Ni miduara ndani ya miduara, na mizunguko, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Huaminika kuwa kazi ya wawindaji wa kale wanaoitwa Watwa, na wakazi waliokuja baadaye waliyahusisha maeneo hayo na matambiko ya kuomba mvua. Hamna mtu wala mnyama katika michoro hiyo. Wachoraji hao walishalijibu swali la makala hii zamani: walichora ishara wakaacha kisa kibaki mdomoni.

Hali kadhalika wanawake wa Kiluo walizipamba kuta za nyumba kwa udongo wa rangi mbalimbali, na wafinyanzi waliutia mtungi wa maji nakshi kwa kuviringisha kamba juu ya udongo mbichi. Sanaa hii huitwa ya nyumbani, na jina hilo limewanyima wenyewe nafasi katika historia ya uchoraji. Hakuna aliyeandika majina yao.

Mchoraji shahidi na mchoraji msimulizi

Kati ya wachoraji wa kisasa wa Kiluo, Joel Oswaggo, aliyezaliwa mwaka 1944, ndiye aliye karibu zaidi na swali letu. Kazi zake za penseli za rangi juu ya karatasi zilijulikana kupitia Gallery Watatu, jumba la sanaa la Nairobi lililoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Humo alionyesha maisha, mila na masimulizi ya Waluo. Oswaggo huchora kama shahidi anayeogopa kwamba jambo litasahaulika kabla hajamaliza mstari. Nguvu ya kazi ya namna hii ni uaminifu wake. Udhaifu wake ni ule uliokwisha kutajwa kuhusu kikongwe mlangoni: asiyejua mila husika huona tukio lakini haoni uzito wake.

Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi nchini Uganda aliyeishi Nairobi kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2018, alilikwepa tatizo hilo kwa njia ya kipekee. Hakuwa na elimu ya shule na aliwahi kuwa dereva. Ng'ombe wake wa buluu na waridi hupendana, huoneana wivu na kuota ndoto. Alijulikana pia kwa kuwasimulia watazamaji visa vya picha zake, kiasi kwamba picha na masimulizi yalikwenda pamoja kama wimbo na ala yake. Mtu anaweza kusema kwamba Katarikawe hakuwahi kuacha fasihi simulizi, alichofanya ni kuiongezea rangi. Lakini sasa hayupo, na picha zake zimebaki bila msimulizi. Nyingi bado zinasimama zenyewe. Baadhi zinamhitaji.

Kuhusu soko, machache yatatosha. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na wafuasi wake wakaufanya mtindo huo ujulikane duniani. Ni sanaa yenye furaha na haistahili kudharauliwa. Hata hivyo, mkono wa watalii uliifunza kurudia. Simba aliyechorwa mara elfu moja huacha kuwa ishara ya chochote. Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanzania aliyeanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alikipinga kwa nguvu kishawishi hicho cha kunakili. Jina la kituo chake ni zawadi kwa mwanaisimu: paa ni mnyama, na paa ni kitenzi cha kwenda juu. Mnyama wa mbugani, kwa tamko moja tu, amegeuka wazo.

Nguva

Mfano mzito kuliko yote unatoka kwa Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea sanaa Marekani. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London katika jumba la Victoria Miro, akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Mwaka uliotangulia alikuwa ametengeneza filamu fupi iitwayo Nguva.

Neno hilo linastahili kutuliwa. Kwa mvuvi wa Lamu, nguva kwanza ni mnyama: mamalia mkubwa wa baharini anayekula nyasi za chini ya maji, anayenyonyesha mwanawe, na ambaye siku hizi ni adimu sana katika pwani ya Kenya kwa sababu ya kunaswa na nyavu. Kwa mvuvi huyohuyo nguva pia ni kiumbe wa masimulizi, nusu mwanamke nusu samaki, anayewavuta watu majini. Kiswahili hakikuona haja ya maneno mawili. Maumbile na kisasili vinakaa katika neno moja, na msikilizaji huamua kwa muktadha, au huamua kutoamua. Kichwa cha Mutu kisingewezekana katika lugha inayomtenga mnyama wa elimuviumbe na mwanamke wa hadithi.

Mbinu yake inalandana na neno lake. Kwa miaka mingi Mutu amefanya kazi kwa kubandika vipande: macho na midomo iliyokatwa katika majarida ya mitindo, vyuma vya pikipiki, michoro ya vitabu vya tiba, kisha rangi na wino juu yake. Mwanamke anayetokea humo ameshonwa kwa vitu ambavyo wengine wametumia kumtazama na kumpima. Hapigwi picha akiwa mlangoni akiomba malazi. Anatazama. Hapa ndipo ishara ya Simbi na ya Gwassi inapopata kazi mpya, ingawa Mutu hakusema kwamba anachora kisa cha Waluo, wala haifai kumsingizia. Mwanamke wa majini, ambaye katika masimulizi hutambuliwa akiwa ameshaondoka, katika kazi hizi hamwondokei mtazamaji hata kidogo. Mtazamaji ndiye anayejikuta amesimama mlangoni, akiwa hajui kama atapokewa.

Mwaka 2017 Mutu aliunda sanamu ya shaba nyeusi aliyoiita Water Woman, mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyeketi, nayo ikawekwa penye maji mjini Austin, Texas. Si kazi ya uchoraji, lakini inasaidia kuelewa. Nguva ameketi wima, kimya, mbali sana na Lamu, kama mgeni ambaye hakungoja ruhusa.

Gome la mti

Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, amelipeleka suala la maumbile upande mwingine. Hachori juu ya turubai ya pamba au kitani. Hutumia lubugo, kitambaa cha Waganda kinachotengenezwa kwa kuligonga gome la mti wa mutuba hadi lilainike. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo miongoni mwa urithi wa wanadamu. Armitage aliliona lubugo kwa mara ya kwanza katika soko la vitu vya watalii jijini Nairobi, likiwa limegeuzwa vitu vidogo vya kuuzia wageni. Kwa Waganda kitambaa hicho kilikuwa, miongoni mwa mengine, sanda ya maiti.

Lubugo lina matundu, makovu na mishono. Mchoraji hawezi kuyapuuza. Tundu likiangukia kwenye uso wa mtu aliyechorwa, uso huo una tundu. Mwaka 2017 Armitage alichora picha aliyoiita Conjestina, jina la bondia mashuhuri wa kike kutoka Siaya ambaye taifa lilimshangilia akiwa ulingoni na kumsahau alipougua. Hapana haja ya kuonyesha kisasili chochote ndani ya picha kama hiyo. Mwanamke aliyefungiwa milango amechorwa juu ya kitambaa cha kuzikia. Maana imekwishaanza kufanya kazi kabla ya rangi kukauka.

Msanii huyo pia aliwapa wakongwe nafasi. Katika maonyesho yake ya Munich na London ya mwaka 2020 na 2021 palikuwa na sehemu iliyoitwa Mwili, Akili na Roho, iliyokusanya kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki wa vizazi vilivyotangulia, akiwamo Njau na Katarikawe. Msomaji wa jarida hili atakuwa amelitambua jambo lenye kero kidogo. Nguva na Nyoka, Paa ya Paa, Mwili, Akili na Roho: Kiswahili kimeandikwa juu ya milango ya majumba makubwa ya sanaa, ilhali uhakiki unaoandikwa ndani yake ni wa Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili kina kisasili, jazanda, taswira na ishara, istilahi zilizonolewa kwa miaka katika uhakiki wa ushairi. Hakina neno lililokubalika la picha ya kubandika vipande. Hata turubai lenyewe humkumbusha msomaji lori la mahindi kabla ya kumkumbusha mchoraji. Pengo hilo halitazibwa na kamati ya istilahi peke yake. Litazibwa na wanaoandika kuhusu picha fulani, wakilazimika kutafuta neno kwa sababu picha iko mbele yao.

Mahali pa kusimama

Kurudi Kendu Bay, kuna jambo moja ambalo mchoraji wa Simbi Nyaima atalazimika kuliamua hata akichagua wakati wa tatu, ule wa ziwa tupu. Ni mahali pa kumsimamisha mtazamaji. Akimsimamisha katikati ya maji, amemfanya mmoja wa waliozama. Akimpandisha angani, kama wafanyavyo wapiga picha wa ndege, amempa jicho la mwanajiolojia, na ziwa litakuwa duara safi kama sarafu ya kijani.

Inabaki kingo. Kisa hiki kinajulikana kwa sababu kuna aliyenusurika akakisimulia, na aliyenusurika ni yule aliyefungua mlango. Kila anayekisimulia Simbi Nyaima amesimama alipokuwa amesimama mwanamke huyo asubuhi ile, matope miguuni, mzigo wa haraka kichwani, akiyatazama maji mahali palipokuwa na nyumba yake na, kwa wale wanaosimulia hivyo, mumewe. Picha inayochorwa kutoka hapo haihitaji kumwonyesha mwanamke huyo wala kikongwe. Inahitaji nyasi za ukingoni ziwe karibu sana, zimelala kwa mvua, na maji yawe ya rangi ambayo yeye hajawahi kuiona.